Kitambaa cha Kalina

Haya aliniambia Denitsa mwenyewe, tukimenya pilipili hoho za kuchoma uani kwangu. Nyumba yao na yangu zinatenganishwa na ukuta wa mawe tu, kwa hiyo mengine niliyaona kwa macho yangu. Mengine niliyasikia nikadhani ni ule ugomvi wa kila nyumba yenye watoto wadogo. Laiti ungekuwa huo.

Ilikuwa mwishoni mwa mwezi wa nane, siku ya kawaida kabisa. Denitsa alikuwa na mtoto mchanga wa wiki tano, Asen, kwa hiyo arobaini ilikuwa haijaisha. Mama aliyejifungua huku kwetu havuki geti mpaka arobaini iishe, na nepi zinaanuliwa kabla jua halijazama. Mumewe, Plamen, ni dereva wa malori ya safari ndefu, leo yuko Ujerumani, kesho Hispania. Mama mkwe wake, Bibi Yordana, alikuwa amerudi jana yake tu kutoka kwa dada yake kule mlimani, aliyevunjika nyonga. Wiki tatu nzima Denitsa alikuwa peke yake na watoto wawili.

Bibi Yordana hakukaa hata akapumzika. Alikagua uzi mwekundu wa kinga mkononi mwa mtoto, akakagua ufagio wa kuzuia mabaya nyuma ya mlango, kisha akamwinamia Asen kitandani na kumtemea mate ya uongo mara tatu.

"Phu, phu, phu! Mbaya wewe! Una sura ya chura! Kuku wakunyee!"

Ndivyo tunavyowasifia watoto huku. Ukimwita mzuri, jicho litampata, na mama yake atakutoa mbio.

"Ananyonya vizuri?" aliuliza.

"Ananyonya, mama," Denitsa akajibu.

Hakusema uongo. Ila hakusema yote. Bibi Yordana alipokuwa mlimani, ziwa la Denitsa lilivimba likawa gumu, homa ikampanda hadi anaongea peke yake. Daktari akampa vidonge vikali na kumwambia asinyonyeshe mpaka dozi iishe. Asen akalishwa kwa chupa. Dozi ilipoisha, Denitsa akamweka tena kifuani, na mtoto akaling'ang'ania ziwa kama hajaliacha hata siku moja. Denitsa alilia kwa furaha siku ile. Chupa akaificha nyuma ya pipa la unga, kwa sababu alimjua mama mkwe wake, angesemwa mpaka Krismasi kwa kumpa mtoto maziwa ya kopo. Aliogopa kusemwa tu, basi.

Saa tisa Kalina akarudi kutoka chekechea. Miaka minne, misuko miwili ya nywele, mkoba anauburuta chini. Alisimama mlangoni, akatupa jicho kwenye kitanda cha mtoto.

"Bado yupo?"

"Nani?" mama yake akauliza.

"Huyo."

"Huyo ni mdogo wako. Ataenda wapi?"

"Kwao."

Bibi Yordana alicheka mpaka akashika mbavu. "Mke mwenza, umepatikana! Bwana mpya ameshaingia ndani ya nyumba!"

Kalina hakucheka. Mtoto huyo, mnielewe, kwa miaka minne alikuwa mfalme wa nyumba ile. Alilala katikati ya mama na baba. Supu aliipoza mama kwa pumzi yake mwenyewe. Sasa akiongea anaambiwa shii, mdogo amelala. Akimkumbatia anaambiwa taratibu, utamwumiza. Kijicho kilimkaa kooni, na Denitsa alikiona. Akamvuta na kumwonyesha maua mekundu aliyoyapanda kwenye makopo dirishani, Asen akiwa begani kwake.

"Tazama yalivyochanua, Kalina. Mimi na wewe tuliyapanda, unakumbuka?"

"Mazuri, mama!" Uso wa mtoto ukafunguka. "Mazuri sana!"

Asubuhi yake maua yote yalikuwa yamekauka. Hayakunyauka, yalikauka kabisa, ukiyagusa yanakatika. Bibi Yordana alisema ni jua.

Siku hiyo hiyo mchana Denitsa alikaa jikoni akimnyonyesha Asen. Kalina akaja, akaweka kichwa kwenye goti lake.

"Na mimi, mama."

"Na wewe nini?"

"Na mimi nataka."

"Mkubwa wewe! Unaenda shule, halafu unyonye?"

"Mara moja tu. Kidogo hivi." Akaonyesha kwa vidole viwili.

Denitsa alikuwa hajalala usiku tatu. Aliziona zile kope zimelowa, moyo ukamwuma, akajiuliza ubaya uko wapi. Akampa ziwa la pili. Kalina alivuta mara tatu, akakunja uso.

"Si tamu," alisema. Hapo hapo sinia la pilipili likaanguka mlangoni.

Bibi Yordana alikuwa amesimama pale, mikono wazi.

"Umefanya nini, wewe mwanamke?"

"Mama, ni mara tatu tu..."

"Hata moja! Mtoto aliyeachishwa ziwa harudishwi! Mama yako hakukufundisha? Akirudishwa, jicho linageuka. Anachokionea wivu kinakwisha. Wala hatendi kwa kutaka, jicho linafanya lenyewe." Akasogea kati ya Kalina na Asen, akashusha sauti. "Na huyu ana wivu na nini katika nyumba hii? Hebu niambie."

Denitsa alimfunika Asen kwa blanketi, huku anajichukia kwa kumfunika.

Angeweza kuyacheka mambo hayo, kama si kuku. Tulikuwa tunamjua wote, kuku mwekundu aliyekuwa akimfuata Denitsa mpaka mlangoni. Siku moja Denitsa alimbeba kwapani, Asen upande mwingine, akamkuna shingo, na Kalina akasema, "Kuku wetu mzuri." Jioni kuku alikuwa chini ya ngazi, miguu juu. Bibi Yordana alimpasua, akakuta ndani pamekauka.

Siku mbili baadaye akafuata paka mdogo. Denitsa alikuwa amempakata, Asen amelazwa kwenye mto pembeni, Kalina anamchezesha paka kwa uzi. Walicheka wote. Asubuhi paka alikuwa amekufa, mwepesi kama soksi.

Ndipo Bibi Yordana alipofungua sanduku na kutoa kitambaa cheusi cha kichwa, kile alichokivaa msiba wa mumewe.

"Kila akiingia chumba alichomo mtoto, afungwe macho," alisema.

"Mama, ana miaka minne."

"Na yule hata wiki sita hajamaliza. Unataka kumzika?"

Aliyekifunga ni Denitsa. Hilo alilisema mara mbili uani kwangu, kana kwamba mara ya kwanza sikusikia. Alikikunja mara tatu, akakiweka kwenye macho ya binti yake, akafunga fundo nyuma ya kichwa. Akamdanganya ni mchezo.

"Nitafute nini?" Kalina aliuliza.

"Usitafute. Kaa tu."

Kwa wiki nzima, kutoka dirisha langu la juu, nilikuwa nikimwona kupitia dirisha lao, mtoto kakaa kwenye kigoda na kitambaa usoni, mikono juu ya magoti. Nilidhani wanacheza. Mungu anisamehe, nilimpungia mkono.

Asen alinenepa. Shavu likajaa, mkono ukawa na mikunjo ya unono. Kalina akapungua. Kwanza alikataa mkate wa jibini, halafu mtindi, mwisho hata pipi alizotumiwa na baba yake. Bibi Yordana alisema ananuna, wivu unamla, ngoja ashibe hasira zake. Gauni la bluu likaanza kumning'inia. Akiamka asubuhi anashika ukuta.

"Mama, nimechoka," alikuwa akisema.

"Umechoka na nini, mwanangu? Hujafanya kitu."

"Sijui. Nikikaa hapo nachoka."

Hapo. Kwenye kigoda mbele ya kitanda cha Asen.

Siku ya arobaini na tano, Asen alicheua maziwa kidogo. Mtoto gani hacheui? Lakini Bibi Yordana alikuwa anaisubiri dalili hiyo, na mara moja akaweka bakuli la maji mezani. Kipimo chake sisi wote tunakijua. Unadondosha makaa matatu ya moto kwa jina la mgonjwa. Yakielea, hana kitu. Yakizama, ana jicho la mtu.

Akachukua koleo, akafungua jiko. "La Asen," alinong'ona.

Likaelea.

La pili likaelea. La tatu likazunguka juu ya maji, jepesi, linachezacheza.

Bibi Yordana akakuna kichwa. "Hana kitu," alisema. "Ajabu! Hana kitu kabisa." Akatoka kwenda kugeuza pilipili zake uani, huku anajisemea.

Denitsa akabaki jikoni na watoto wake wawili. Mchana mweupe, jua limejaa dirishani. Kalina kwenye kigoda, kitambaa usoni. Asen kitandani, kimya.

"Na mimi, mama," Kalina akasema.

"Na wewe nini?"

"Na mimi nitilie makaa."

Denitsa alitaka kumfurahisha tu. Wiki nzima mtoto huyo hakuwa ameomba kitu. Akamwaga maji, akaweka mengine, akachukua kaa la kwanza.

"La Kalina," alisema.

Lilizama. Halikuyumba wala halikutoa povu. Lilikwenda chini moja kwa moja, likagonga bakuli.

Akatia la pili. Likazama.

La tatu hakulitia. Lilimponyoka kwenye koleo, na lilipogusa maji, maji yote yakawa meusi.

Akapiga magoti, akafungua kitambaa. Fundo lilimkatalia. Lilipofunguka, macho ya binti yake yalikuwa yameingia ndani, yana weusi kuyazunguka. Yalimtazama kwa upole tu. Hayakuwa macho ya mtu mwenye kijicho. Yalikuwa macho ya mtoto mgonjwa sana, na mama yake alikuwa ameyafunika wiki nzima asiyaone.

Ndipo akayakumbuka maua. Yalikauka asubuhi. Kalina alinyonya mchana.

Maua yalitangulia.

Nani mwingine alikuwepo dirishani? Nani alikuwa kwapani siku ya kuku? Nani alikuwa kwenye mto siku ya paka? Na nani mwingine katika nyumba hiyo aliachishwa ziwa, akarudishwa?

Nyuma yake, kitanda kikalia kidogo.

Hakutaka kugeuka. Aligeuka.

Asen alikuwa ameinua kichwa. Mtoto wa siku arobaini na tano, shingo haijakaza, kichwa kimesimama wima katikati ya fito za kitanda. Tone la maziwa kwenye pembe ya mdomo. Hakumtazama mama yake.

Alikuwa anamtazama Kalina.

Na alikuwa anatabasamu. Lilikuwa tabasamu lake la kwanza.

Denitsa aliitupa shuka juu ya kitanda, akambeba Kalina mpaka uani. Hapo ndipo niliposikia Denitsa akipiga kelele, nikaweka ngazi kwenye ukuta nikachungulia. Nilimwona akimwelezea Bibi Yordana. Vidonge, chupa, pipa la unga. Bibi aliacha pilipili ziungue.

"Siku ngapi alikuwa kwenye chupa?"

"Kumi."

"Halafu ukamrudisha."

"Nilimrudisha, mama. Nilifurahi."

Bibi Yordana akakaa chini kwenye vumbi. Sijawahi kumwona mwanamke yule akikaa chini. "Tumemfunga macho yule aliyekuwa anaangaliwa," alisema.

"Dawa yake nini?"

"Hakuna. Kila unachokipenda, yeye anakula. Mpeleke msichana mbali. Asimwone, asimsikie. Jina lake lisitajwe tena ndani ya nyumba hii. Asijue kama yupo."

"Na mimi?"

"Wewe utakwenda wapi? Anakunyonya wewe."

Plamen alifika kesho yake. Waliamua Kalina aende mbali, mji wa Plovdiv, kwa mama yake Denitsa. Ingekuwa vyema aondoke Asen akiwa amelala, lakini mtoto yule hakulala siku hiyo. Alililia ziwa, na Denitsa asingeweza kumwachia Bibi Yordana. Kwa hiyo alisimama kwenye ngazi na Asen kifuani, na baba mtu akamnyanyua Kalina kwenye lori.

Mtoto akaelewa kwamba anaondoka peke yake.

"Mama! Nitakuwa mzuri! Simchukii tena! Mama, nifunge kitambaa, sitakifungua!"

Denitsa akahisi ziwa limeachiwa. Kichwa kidogo kinageuka kifuani mwake, kuelekea ile sauti.

Akafanya kitu kimoja tu alichoweza kukifanya. Akageuka. Akampa lori mgongo, akamkandamiza Asen usoni kwenye ukuta wa nyumba, asione.

Na Kalina akaona mama yake amempa mgongo.

Kule Plovdiv Kalina alipona ndani ya wiki mbili. Akala, akanenepa, akaanza kukimbia. Denitsa alikwenda kumwona kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, anasema nyumbani anaenda kwa daktari wa meno. Nyumbani picha zote zilitolewa. Gauni, viatu, kikombe chenye sungura, vyote nilivitunza mimi. Kwa miaka minne jina la Kalina halikutajwa upande ule wa ukuta. Hata Bibi Yordana alikufa bila kulitaja, ingawa siku za mwisho midomo ilikuwa ikichezacheza.

Na Kalina? Alimwuliza mama yake swali moja kila alipokwenda, tangu ana miaka minne mpaka ana miaka minane.

"Kwa nini ulimchagua yeye?"

Denitsa alikuwa akimsuka nywele tu, pole pole, kuzifungua na kuzisuka tena, mpaka saa ya basi. Njiani kurudi alikuwa anasugua mikono yake kwa sabuni kwenye choo cha stesheni ili asirudi na harufu ya zile nywele.

Asen alikua mtoto mtulivu, mwenye adabu. Hakuna kilichokufa tena. Denitsa alijifunza kutopenda kitu mbele yake, hakufuga, hakupanda, hakusifia hata keki. Alimpenda Asen pia, msidhani vinginevyo. Alimpenda huku anamwogopa, na hakuna uchovu kama huo.

Mwaka huu mwezi wa tano, Jumatatu baada ya safari ya Plovdiv, Asen alirudi kutoka chekechea na mchoro. Waliambiwa wachore familia. Denitsa aliuchukua huku anakoroga supu. Baba na lori lake. Mama mwenye nywele ndefu. Asen mwenyewe, mkubwa kuliko wote. Na pembeni, amekaa kwenye kigoda, msichana wa gauni la bluu, misuko miwili ya nywele. Macho yake yalikuwa yamezungushiwa mstari mweusi, mnene, kalamu imekandamizwa mpaka karatasi imetoboka.

Supu ikaanza kufurika.

"Asen, huyu nani?"

"Wako," akajibu, anavua viatu.

"Wangu vipi?"

"Yule unayempenda zaidi." Aliviweka viatu vyake sawasawa mlangoni. "Mimi pia nataka kusukwa, mama."

Simu ikaita. Ilikuwa namba ya Plovdiv. Denitsa hakutaka kupokea, alipokea. Sauti ya mama yake ilikuwa ya mtu aliyelia akaishiwa machozi. Alisema Kalina alilala kidogo baada ya shule, mzima kabisa, hana homa, hajaanguka. Ameamka anapapasa uso, anaukwaruza.

"Mama, kuna nini? Mpe simu niongee naye!"

Kisha pumzi ya mtoto.

"Mama," Kalina alinong'ona. "Kwa nini umenifunga kitambaa tena?"

Madaktari watatu wamemtazama mpaka leo. Wanasema macho ni mazima, hawajui kwa nini haoni. Mchoro ninao mimi, aliuleta Denitsa jioni ile, hakuweza kuuchoma wala kuuweka ndani. Nimeufungia kabatini pamoja na gauni la bluu. Jana nilifungua kupanga vitu, nikakuta kwenye ukosi wa gauni, nyuma, nywele tatu ndefu kama za Kalina, zimesukwa pamoja ovyo kama kwa vidole vya mtoto mdogo, mbichi, bado zinanukia ile sabuni ya stesheni anayonawia Denitsa. Kabati lina ufunguo mmoja, na ufunguo huo nauvaa shingoni.